Dripu Peke Yake Haitoshi: Kupigania Afya ya Akili ya Mjamzito Anayetapika Kupita Kiasi

Mjamzito wa wiki ya tisa anayefikishwa hospitali akiwa siku ya tatu hata maji hayakai tumboni hupata huduma inayojulikana. Anatundikiwa dripu, anachomwa sindano ya kuzuia kutapika, mkojo unapimwa, akipata nguvu ya kusimama anaruhusiwa kwenda nyumbani. Swali linalokosekana katika mlolongo huo ni moja: "Na mawazo yako yakoje? Umefika mahali pa kuona heri ufe?" Kampeni tunayoieleza hapa inaanzia kwenye swali hilo. Mengine yote ni vitu vya kawaida kabisa: fomu ya ukurasa mmoja, dawa kwenye kabati, na jina la mtu wa kupigiwa simu jibu likiwa "ndiyo".

Madaktari huuita ugonjwa huu haiperemesisi gravidaramu, na kwenye faili huandika HG. Usichanganywe na kichefuchefu kinachowapata wajawazito wengi na kutulia kwa ndimu au tangawizi. Vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2021 vinasema hivi: dalili zianze kabla ya wiki ya 16, kichefuchefu au kutapika kuwe kukali, mama ashindwe kula na kunywa kama kawaida, na shughuli zake za kila siku zivurugike. Kwa kila wajawazito 100, huwapata kati ya 0.3 na 3.6. Kwa kawaida dalili huanza kati ya wiki ya 4 na ya 7, hufikia kilele karibu na wiki ya 9, na kwa walio wengi huwa zimepungua kufikia wiki ya 20. Wachache hutapika mpaka siku ya kujifungua.

Kuhusu akili, takwimu tunazozitegemea zaidi zimetoka Uingereza. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha wenye HG na wajawazito wengine: karibu nusu ya wenye HG walikuwa na sonona wakati wa ujauzito, huku kwa wenzao ikiwa takriban 6 kwa 100. Baada ya kujifungua, karibu 29 kwa 100 bado walikuwa nayo, dhidi ya 7. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2021 uliwahoji wanawake zaidi ya 5,000 waliougua HG: asilimia 25.5 walipatwa na mawazo ya kujiua mara mojamoja, na asilimia 6.6 walikuwa nayo mara kwa mara. Asilimia 4.9 walitoa mimba walizokuwa wamezitaka. Waliojibu uchunguzi huu wa pili walijitokeza wenyewe, kwa hiyo huenda walioumia sana ndio waliojibu zaidi. Semeni hivyo wazi mnapozitaja namba hizo mbele ya daktari, kwa sababu atalijua hilo, na mkilificha atawatilia shaka kwa yote mengine.

Sasa kuna mtego, na ndio umezivuruga kampeni nyingi. Ukisema "wanawake hawa wanahitaji huduma ya akili", msikilizaji mmoja kati ya wawili atasikia "kumbe ni ugonjwa wa akili". Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kulikuwa na madaktari walioamini kwamba mwanamke hutapika kwa sababu moyoni ameikataa mimba. Sisi nasi tuna lugha yetu ya jambo hilohilo: mimba imemkataa mume, anadeka, mbona sisi tulizaa sita hatukulazwa. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kampeni iwe hii, na isibadilike: kutapika ndiko kunakoleta huzuni. Mtu asiyelala, asiyekula, anayekimbia harufu ya mwili wa mtoto wake mwenyewe, anayetema mate kwenye kopo mchana kutwa kwa wiki sita, ana sababu ya kukata tamaa.

Ushahidi wa kuitetea sentensi hiyo upo. Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi ya kundi la watafiti, wakiwemo Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Cambridge, kuhusu homoni iitwayo GDF15. Wakati wa ujauzito, homoni hii hutoka kwa wingi upande wa mtoto na kondo la nyuma, ikaenda kugusa sehemu ya shina la ubongo inayoamsha kichefuchefu. Mwanamke ambaye kabla ya mimba mwili wake ulikuwa na kiwango kidogo huathirika zaidi, kwa kuwa haujaizoea. Wenye ugonjwa wa damu wa thalasemia beta, ambao huishi na kiwango kikubwa maisha yao yote, hupata kichefuchefu kidogo sana wakishika mimba. Maelezo haya mama mkwe anayaelewa kwa dakika mbili, na tunashauri yaanze kutolewa nyumbani kabla ya kupelekwa wizarani.

Jambo la pili linalotokana na sentensi hiyo: kuzuia kutapika ni sehemu ya huduma ya akili. Msiombe mnasihi huku kabati la dawa likiwa tupu. Mnasihi mzuri akikaa na mama ambaye ametapika mara kumi tangu alfajiri, mama huyo hana nguvu hata ya kumjibu.

Vipimo viwili kwenye karatasi moja

Mnachopaswa kukidai kwanza ni rahisi na hakina gharama zaidi ya kurudufu karatasi. Upande wa kwanza uwe na PUQE, kipimo cha ukali wa kichefuchefu na kutapika, chenye maswali matatu kuhusu saa 24 zilizopita. La kwanza ni saa ngapi amekuwa na kichefuchefu: hakuna, alama 1; saa moja au chini, 2; saa 2 hadi 3, alama 3; saa 4 hadi 6, alama 4; zaidi ya saa 6, alama 5. La pili ni ametapika mara ngapi: hakuna, 1, mara 1 hadi 2, alama 2, mara 3 hadi 4, alama 3, mara 5 hadi 6, alama 4, mara 7 au zaidi, 5. La tatu lina alama hizohizo, ila linauliza mara ngapi tumbo limejikamua bila kutoa kitu. Hapo tafsiri huharibika. Fomu ikiandika "kutapika" kwenye maswali yote mawili, muuguzi anajaza namba ileile mara mbili. Andikeni "kujikamua kama anayetapika, bila kutoka kitu". Jumla ya 3 hadi 6 ni hali nyepesi, 7 hadi 12 ya kati, 13 hadi 15 kali.

Pembeni mwa alama hizo kuwe na nafasi ya uzito. Kupungua asilimia 5 ya uzito wa kabla ya mimba, yaani kilo 3 kwa mwanamke wa kilo 60, si jambo la kusubiri. Ketoni kwenye mkojo, yaani kemikali zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa chakula, zisitumike kuamua nani anaumwa na nani haumwi. Mwongozo namba 69 wa chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, uliotoka mwaka 2016 na kupitiwa upya Februari 2024, unasema wazi kwamba ketoni si kipimo cha upungufu wa maji wala cha ukali wa ugonjwa. Mama anayerudishwa nyumbani kwa kuwa "mkojo hauna ketoni" amenyimwa huduma kwa kigezo kilichokwisha kuachwa, na anaondoka akiamini kwamba hata daktari hamsadiki.

Upande wa pili wa karatasi ni akili. Hapa chaguo la kipimo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. PHQ-9, kipimo cha sonona cha maswali tisa ambacho kliniki nyingi tayari zinakijua, kinauliza kuhusu usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mwenye HG atapata alama kubwa kwenye hayo yote matatu hata kama moyo wake u mzima, na daktari akishaliona hilo mara mbili tatu huanza kukipuuza kipimo chote. Skeli ya Edinburgh ya mwaka 1987, nayo ya kupima sonona, ina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama 0 hadi 30, na ilitungwa ikiepuka dalili za mwili ambazo ujauzito wenyewe huzileta. Tafsiri za Kiswahili zipo. Alama 13 na kuendelea kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili ya sonona, lakini swali la 10, linalouliza kama wazo la kujidhuru limemjia, lisingoje jumla. Jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa" lifuatiliwe siku hiyohiyo.

Namna ya kuuliza ina kanuni zake. Pazia livutwe, na mume, wifi na mama mkwe waombwe kutoka nje, wote, bila kubagua. Muuguzi aulize polepole na atenganishe mambo matatu ambayo mama mwenyewe huyachanganya: anataka kutapika kukome, anataka mimba ikome, au anataka maisha yake yakome? Anayesema "nataka hii kitu iishe" anaweza kuwa anamaanisha lolote kati ya hayo. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Hofu hiyo imewanyamazisha wauguzi wengi bila sababu. Akisema ndiyo, aulizwe kama ana mpango na kama ana kitu cha kuutimizia. Asiachwe peke yake. Anayemtunza nyumbani aelezwe kuondoa au kufungia sumu za shambani na akiba ya vidonge. Na asiruhusiwe kutoka huku alama ya PUQE bado ni 13 au zaidi, kwa sababu kinachomsukuma bado kipo.

Mambo yanayofanana na wazimu lakini siyo

Sehemu hii mara nyingi husahaulika kwenye vipeperushi, na ndiyo inayoweza kuokoa mtu wiki hii.

Mama aliyetapika kwa wiki kadhaa huishiwa thiamini, yaani vitamini B1. Akitundikiwa dripu ya sukari kabla ya kupewa thiamini, kidogo kilichobaki huisha, na ubongo huumia. Anaanza kuchanganyikiwa, macho yanachezacheza au anaona vitu viwiliviwili, akisimama anapepesuka. Nyumbani watasema amepandisha majini. Wodini mtu anaweza kuandika rufaa kwenda kwa daktari wa akili. Hiyo ni dharura ya kitabibu iitwayo ugonjwa wa Wernicke, na dawa yake ni thiamini ya mshipani, haraka. Kuizuia ni rahisi: chumvi ya asilimia 0.9 pamoja na potasiamu ndiyo dripu ya kwanza, elektrolaiti, yaani chumvichumvi za damu, zipimwe, na thiamini itolewe kwa kila aliyetapika muda mrefu, kabla ya tone lolote la sukari. Kipimo cha kumeza ni miligramu 100 mara tatu kwa siku. Asiyeweza kumeza apewe kwenye mshipa.

La pili ni metoklopramidi. Ni dawa nzuri na inapatikana karibu kila mahali, lakini kwa baadhi ya watu huleta hali ya kutotulia: mama hawezi kukaa, hawezi kulala, anahisi kama anataka kutoka ndani ya ngozi yake. Huonekana kama amepatwa na hofu kuu. Hutokea zaidi sindano inaposukumwa kwa kasi. Itolewe taratibu, isipungue dakika 3, isizidi miligramu 10 mara tatu kwa siku, na kwa kawaida isipite siku 5. Hali hiyo ikitokea, dawa iachwe na nyingine ichukue nafasi: promethazini au saiklizini ni za mstari wa kwanza, ondansetroni ipo mstari wa pili. Promethazini nayo huweza kuleta usingizi mzito na mara chache mwili kukakamaa au hali hiyohiyo ya kutotulia, basi msikilizeni mama anapoilalamikia.

La tatu linawahusu waliokuwa na sonona au ugonjwa mwingine kabla ya mimba. Vidonge vyao vinatoka na matapishi. Ndani ya wiki mbili tatu ugonjwa wa zamani umerudi na watu wanailaumu mimba. Ni hivyohivyo kwa dawa za kifafa na za VVU. Fomu iwe na mstari mmoja: "Kuna dawa za kila siku? Zinakaa tumboni?"

Wapi mama huyu anaonekana kwanza

Kampeni nyingi za afya ya akili ya mama huelekezwa kliniki ya wajawazito na baada ya kujifungua. Kwa HG huko ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki ya 12, lakini wanawake wengi kwetu huanza mwezi wa nne au wa tano, kilele cha ugonjwa kikiwa kimepita. Kabla ya hapo hana kadi ya kliniki, mimba bado ni siri, na mtu wa kwanza kumwona ni muuzaji wa duka la dawa, kisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kisha daktari wa zamu wa wagonjwa wa nje (OPD) usiku, ambaye humpima malaria na kumpa dawa ya vidonda vya tumbo.

Kwa hiyo mafunzo ya kwanza, hata kama mna fedha za siku moja tu, yapelekwe kwa wauza dawa na wahudumu wa jamii. Wafundishwe kumuuliza mwanamke anayetapika lini aliona siku zake, na dalili za kumpeleka hospitali leo: hajaweka maji tumboni kwa saa 24, hajakojoa kwa saa 8 au mkojo ni mweusi kama chai kavu, anazimia anaposimama, au anasema hataki kuishi. Hiyo ya mwisho iwe kwenye orodha ileile, kwa herufi za ukubwa uleule.

Kudai, kwa nani na lini

Anzeni na ushahidi wa hapo mlipo. Ombeni kibali kwa mganga mfawidhi, kisha muuguzi au daktari wa hospitali hiyo, ambaye ana ruhusa ya kuona mafaili, apitie mafaili 20 ya mwisho ya waliolazwa kwa kutapika. Ahesabu vitu vitano: uzito uliandikwa? Ukali ulipimwa? Thiamini ilitolewa kabla ya sukari? Hali ya akili iliulizwa? Alirudi kulazwa ndani ya wiki mbili? Majina yasitoke humo. Inatosha kupata namba tano, kila moja kati ya mafaili ishirini, na kwenye kikao namba hizo zitazidi uzito takwimu zote za London, kwa sababu hakuna atakayesema "huko ni Ulaya".

Madai yawe machache na yenye bei. Tunapendekeza haya: fomu ile ya pande mbili, thiamini na angalau dawa mbili tofauti za kuzuia kutapika katika kila kituo cha afya, vitanda viwili vya dripu ya mchana, ili mama aingie asubuhi atoke jioni bila kuacha watoto usiku, muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii aliyetajwa kwa jina, na namba yake ibandikwe ukutani wodini, na simu moja ndani ya saa 48 hadi 72 baada ya kuruhusiwa. Hii simu hudharauliwa, lakini siku ya tatu ndiyo dripu imeisha nguvu, kutapika kumerudi, na mama anaona aibu kurudi kulekule.

Kenya, mipango ya kaunti hufuata kalenda ya sheria: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mkifika Mei na ombi zuri mmeshachelewa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwenye bunge la kaunti, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inataka mjibiwe ndani ya siku 21 mkiuliza, mathalani, kaunti ina wauguzi wangapi wa afya ya akili. Tanzania, mlango ni mpango kabambe wa afya wa halmashauri, unaotayarishwa miezi mingi kabla ya 1 Julai. Mpitie kamati ya afya ya kituo, kisha mganga mkuu wa wilaya, kisha diwani. Watafuteni mapema wakunga na madaktari wa uzazi kupitia vyama vyao, AGOTA (madaktari wa uzazi) na TAMA (wakunga) Tanzania, KOGS (madaktari wa uzazi) Kenya. Ombi lililotiwa saini na mkunga wa wodi hiyohiyo haliwezi kuitwa kelele za mitandaoni.

Sheria ya kujiua nayo izungumzwe. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, kifungu cha 226 kilikuwa hivyohivyo mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Mama akidhani ataitiwa polisi hatajibu swali la 10 kwa ukweli. Muuguzi amweleze kabla ya kuuliza kwamba kuwa na mawazo hayo si kosa popote, na kwamba anauliza ili amtibu.

Na kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inahakikisha siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kwa mwaka, ambazo HG huzimaliza ndani ya mwezi mmoja. Ya Tanzania inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili. Uingereza, ugonjwa unaotokana na ujauzito huandikwa kando na hauruhusiwi kuhesabiwa katika kumwadhibu au kumwachisha mtu kazi. Kanuni hiyo ya Uingereza inafaa kuingizwa kwenye mazungumzo na vyama vya wafanyakazi hapa kwetu, kwani hofu ya kupoteza kibarua ni sehemu kubwa ya usiku usiolalika.

Mkiitisha vyombo vya habari, siku ya HG inayofahamika duniani ni 15 Mei. Msimweke mbele ya kamera mama ambaye bado anatapika, hata akikubali. Anayeweza kusimulia ni aliyepona, tena awe na haki ya kuifuta simulizi yake. Kukiwa na kifo, njia na mahali visitajwe, na sababu isifanywe moja tu. Namba ya msaada iwepo kwenye taarifa: Kenya, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, wasomaji walioko Uingereza wana Samaritans, 116 123.

Fomu ile isiishie siku ya kuruhusiwa. Nakala iingie kwenye kadi ya kliniki au kitabu cha mama na mtoto, ili mkunga aulize tena wiki ya 20, siku ya kujifungua, na wiki ya sita baada yake. Kwenye ziara ya wiki ya sita, uzazi wa mpango uzungumzwe kwa upole, maana HG mara nyingi hurudi mimba inayofuata na wengine wameshaapa kutozaa tena kwa woga peke yake. Anayetaka mtoto mwingine aandikiwe mpango kabla hajashika mimba: dawa ipi ilimsaidia na kwa kipimo gani, aanze kuimeza dalili za kwanza zikijitokeza, kituo gani kitamtundikia dripu bila kumhoji upya, nani atakaa na watoto, na nani atampigia simu kila Jumatatu kuanzia wiki ya 5.